Selimundu: majibu bila mazungumzo

Karatasi inatoka dirishani pa maabara ikiwa imekunjwa mara mbili. Ndani yake kuna jina la kipimo cha selimundu na neno moja: chanya. Kijana aliyepima kwa kuwa mchungaji, shehe au mama mkwe mtarajiwa alimtaka apime, anaitia mfukoni na kuondoka. Hakuna aliyemkalisha chini. Hajui kama anaumwa au ni mzima wa afya. Hajui kama jibu lile linamhusu yeye, watoto ambao bado hajawazaa, au dada yake aliyeolewa mwaka jana. Uamuzi atakaoufanya jioni hiyo utategemea rafiki wa kwanza atakayekutana naye njiani.

Kati ya dirisha lile na geti la hospitali palipaswa kuwa na huduma nyingine kamili, yaani ushauri nasaha wa vinasaba. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu. Makadirio yanayotumika zaidi ni watoto 11,000 kwa mwaka. Pamoja na ukubwa huo, mjadala wetu wa hadharani umebaki kwenye agizo moja: vijana, pimeni kabla ya ndoa. Mimi nami nataka watu wapime. Ninachokikataa ni dhana kwamba kupima ndiyo huduma yenyewe, na kwamba wiki za mwisho kabla ya harusi ndizo wakati wake.

Tuanze na kipimo, maana upotoshaji wa kwanza huanzia hapo. Katika maabara nyingi ndogo kinachotumika ni kile cha zamani. Tone la damu huwekwa juu ya kioo, huchanganywa na kemikali inayozinyima seli oksijeni, kisha mtaalamu huchungulia kwenye hadubini aone kama seli nyekundu zimejikunja. Zikijikunja, jibu ni chanya. Tatizo ni kwamba zitajikunja kwa mgonjwa wa selimundu aliyerithi kinasaba cha ugonjwa huo kutoka kwa baba na mama, yaani SS, na zitajikunja vilevile kwa mtu mzima wa afya aliyerithi kutoka kwa mzazi mmoja tu, yaani AS, anayeitwa mbebaji. Kipimo hiki hakiwezi kuwatenganisha wawili hao. Kwa mtoto mchanga kina hatari nyingine: miezi ya mwanzo damu yake bado imejaa himoglobini aliyokuwa nayo tumboni, ambayo haijikunji, kwa hiyo anaweza kuonekana hana kitu. Miezi michache baadaye anarudishwa vidole vimevimba na macho ya manjano, na mama anaapa kwamba mtoto alipimwa akawa salama.

Jibu la uhakika hutoka kwenye mashine zinazotenganisha aina za himoglobini, ambazo ziko hospitali kubwa kama Muhimbili na Bugando. Siku hizi vipo pia vipimo vya haraka vinavyosoma himoglobini A, S na C kwa tone la damu ya kidole au kisigino, na majibu yakatoka ndani ya robo saa. Hata hivyo, aliyeongezewa damu miezi miwili iliyopita bado anazo seli za mchangiaji, na kipimo kinaweza kumwonyesha mgonjwa kama mbebaji. Swali la kwanza la mshauri anayejua kazi yake, kabla ya kugusa kalamu, ni hili: ni kipimo gani kilifanyika, lini, na je, umewahi kuongezewa damu karibuni?

Baada ya hapo ndipo inapokuja hesabu, na hesabu hii huwatatiza hata wasomi. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto SS, mbili kati ya nne za kuleta mbebaji kama wao, na moja ya kuleta mtoto asiye na kinasaba hicho kabisa. Wengi wakisikia moja kati ya nne wanaelewa kwamba akishazaliwa mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata watakuwa salama. Sivyo. Ni sawa na kurusha sarafu mbili upya kila mimba. Hazikumbuki zilivyoanguka mara iliyopita. Ukikokotoa familia za wabebaji wawili wenye watoto wanne, karibu theluthi moja hazitapata hata mtoto mmoja mgonjwa, ilhali nyingine chache zitapata watatu. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini mzee mmoja anaweza kusimama kwenye kikao cha ukoo na kusema kwa dhati kwamba yeye na mkewe walipimwa wakaambiwa hivyohivyo, na watoto wao wote ni wazima. Anasema kweli kuhusu nyumba yake. Lakini uzoefu wake hauwezi kumlinda mjukuu wake, na ni kazi ya mshauri kulieleza hilo bila kumvunjia mzee heshima.

Kanda ya Ziwa tunazo takwimu nzuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulipima sampuli 17,200 za damu iliyokaushwa kwenye karatasi, zilizokuwa zimechukuliwa awali kupima VVU kwa watoto waliozaliwa na mama wenye maambukizi. Asilimia 20.3 walikuwa wabebaji, na asilimia 1.2 walikuwa na ugonjwa. Tuchukue mtu mmoja kati ya watano kuwa mbebaji. Watu wakioana bila kujuana hali zao, basi takriban ndoa moja kati ya 25 itawakutanisha wabebaji wawili. Kwenye ukumbi ambao kila Jumamosi kuna harusi, hiyo ni mara mbili kwa mwaka. Idadi hiyo ni kubwa mno kuitwa balaa la ukoo fulani, na ni kubwa mno kudhani tutaimaliza kwa kuvunja posa.

Kwa nini ni wengi hivyo? Hili nalieleza kila ninapopata nafasi, kwa sababu hakuna maelezo yanayowaondolea watu aibu kwa haraka kama haya. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alijiunga na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokwenda Mlima Kenya, akakusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Aliona kwamba pwani na kandokando ya Ziwa Victoria wabebaji walikuwa wengi, hata kuzidi mmoja kati ya watano, na kwamba nyanda za juu zenye baridi hawakuwepo ila wachache sana. Ramani hiyo ilikuwa ramani ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba wabebaji wanakingwa dhidi ya malaria, na baadaye watafiti wa Kilifi wakathibitisha kwamba mtoto mwenye AS amekingwa kwa kiasi kikubwa sana dhidi ya malaria kali. Mtu aliyeambiwa ana AS anatakiwa kusikia haya siku hiyohiyo: kinasaba hiki kimekufikia kwa sababu mababu zako waliokuwa nacho walinusurika utotoni. Si laana wala si damu chafu. Gharama yake inaonekana pale tu kinapokutana na mwenzake.

Lakini nyumbani mtoto akizaliwa mgonjwa, lawama huwa na anwani moja. Ni mama. Ukoo wake ndio unaochunguzwa, na mashangazi wa upande wake ndio wanaotajwa kuwa wachawi. Tumeona hivyohivyo kwenye ualbino, unaorithiwa kwa kanuni ileile ya kinasaba kimoja kutoka kwa kila mzazi: wapo akina mama walioachwa na waume kwa tuhuma za kuzaa nje, wakati mtoto hawezi kuwa hivyo mpaka baba naye awe ametoa sehemu yake. Mshauri akimweleza baba, mbele ya mkewe na kwa lugha nyepesi, kwamba nusu ya jambo hili imetoka kwake, anaweza kuiokoa ndoa. Kwa sababu hiyo nasisitiza baba aje kliniki, hata kama foleni ni ndefu na mabenchi yamejaa akina mama.

Baba akija, hata hivyo, linakuja jambo ambalo huduma nyingi huanzishwa bila kulifikiria. Mama ni AS, mtoto ni SS, na baba anapimwa anakuwa AA, yaani asiye na kinasaba hicho kabisa. Chumba kinakuwa kimya. Kila aliyemo anadhani amekwishajua maana yake.

Hapa ndipo mshauri anapotofautiana na msomaji wa majibu. Maelezo yako mengi, na lile ambalo kila mtu amelifikiria ni la mwisho kwenye orodha. Huenda chupa za damu zilibadilishana majina. Huenda kipimo cha baba kilikuwa kile cha hadubini na kilifanywa vibaya. Huenda aliongezewa damu baada ya ajali. Huenda baba amebeba talasemia, kasoro nyingine ya himoglobini iliyoenea zaidi Mediterania, Ghuba na Asia ya Kusini, na ambayo pwani yetu yenye historia ndefu ya kuchanganya damu haiwezi kuipuuza. Ikikutana na kinasaba cha selimundu, mtoto anaweza kusomeka SS. Haya yote hupimwa upya, kwa sampuli mpya na kwa kipimo bora, kabla neno halijatoka kinywani. Na hata yakiondolewa yote, kipimo cha himoglobini si kipimo cha uzazi. Nchi ina Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 na ina Mkemia Mkuu wa Serikali. Anayetaka kujua nasaba ya mtoto anayo njia ya kisheria, nayo haipiti kwenye kliniki ya selimundu.

Msimamo wangu ni kwamba mazungumzo hayo yafanyike kabla ya sindano, si baada yake. Mtoto hahitaji kipimo cha baba ili atibiwe. Kipimo cha baba kinahusu mimba ijayo. Basi wazazi waelezwe hivyo, kila mmoja apewe nafasi ya kuzungumza na mshauri peke yake, waambiwe kwamba vipimo vya kurithi mara nyingine huibua maswali ya kifamilia, kisha kila mmoja aamue kwa hiari. Mama akisema tusimpime baba, mshauri asihoji sababu. Wapo watakaosema huku ni kuficha ukweli. Nawajibu kwamba kazi ya kliniki hii ni kulinda uhai wa mtoto, na mtoto huyu anahitaji nyumba yenye mtu wa kumkimbiza hospitali saa nane za usiku akipata homa.

Turudi kwenye ndoa. Kwetu mahusiano hayaanzi na cheti. Kuna barua ya posa, kuna mahari, kuna vikao vya harusi na michango inayofuatiliwa kwenye makundi ya simu. Kipimo kinapodaiwa baada ya kadi kuchapishwa, jibu linawaangukia watu wasio na nafasi ya kutafakari. Wataficha, au watanunua karatasi nyingine, au wataachana kwa fedheha, na msichana ndiye atakayebaki na jina la mgonjwa mtaani. Hakuna ushauri nasaha unaoweza kufanya kazi ndani ya shinikizo hilo.

Nchi zinazotajwa kama mfano zinastahili kusomwa mpaka mwisho. Cyprus ilianza kampeni dhidi ya talasemia miaka ya 1970, na kanisa likaanza kudai cheti kabla ya kufungisha ndoa. Watoto wanaozaliwa na talasemia walipungua mpaka kukaribia sifuri. Kinachosahaulika ni kwamba wachumba wengi waliokutwa wabebaji hawakuachana. Waliendelea kuoana, kwa sababu walikuwa na uwezo wa kupima mimba mapema na kuamua kama waendelee nayo. Kwetu sheria ya kanuni za adhabu inaibana sana hatua hiyo ya pili, imani za wengi hazikubaliani nayo, na huduma ya kupima mtoto akiwa tumboni iko mbali na mwananchi wa kawaida. Tukichukua cheti cha Cyprus peke yake, tunachukua tishio na kuacha kilicholifanya livumilike.

Saudi Arabia iliufanya upimaji wa selimundu na talasemia kuwa wa lazima kabla ya ndoa mwaka 2004, ikiwaachia wachumba uamuzi. Mwaka wa kwanza, kati ya waliokutwa na hatari, takriban asilimia 9 tu walifuta ndoa. Ilipofika 2009 walikuwa karibu asilimia 52. Takwimu hizi hutumiwa kama ushahidi kwamba lazima inafanya kazi. Mimi naona vilevile kwamba baada ya miaka mitano ya sheria, maabara za serikali na ushauri wa bure, karibu nusu ya wachumba walioelewa hatari waliamua kuoana. Watu hao wanahitaji huduma pia. Oman, ambako jamaa zetu wengi wa Zanzibar na pwani wanaishi, ilitangaza kuingia kwenye mkondo huohuo wa lazima kuanzia 2026 baada ya miaka mingi ya hiari, na familia zenye watoto wanaooana kati ya Muscat na Unguja zitakutana na suala hili mapema kuliko sisi wa bara. Zile zenye desturi ya kuozana binamu zina sababu ya ziada ya kuuliza: mjomba mmoja akijulikana ni mbebaji, nafasi ya binamu wawili kubeba kinasaba kilekile si ndogo.

Marekani ilitupatia funzo la upande mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 majimbo kadhaa yalitunga sheria za kuwapima watu weusi selimundu, baadhi yake zikichanganya mgonjwa na mbebaji katika maandishi yenyewe ya sheria. Watu wazima wa afya, wenye AS, walinyimwa kazi na bima, na chuo cha jeshi la anga kiliwazuia kujiunga mpaka mwaka 1981. Vipimo vilikuwepo, fedha zilikuwepo. Maelezo ndiyo yaliyokosekana, na ulinzi wa taarifa. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za kijenetiki kuwa nyeti. Ni msingi mzuri, lakini muuguzi anayesoma majibu kwa sauti kwenye korido iliyojaa watu anaivunja bila kujua kwamba ipo.

Pa kuanzia ni kliniki ya mama na mtoto. Pale tayari watu wanakuja. Pale tayari kuna kadi, mizani, chanjo ya wiki sita, na njia ya kusafirisha sampuli za damu iliyokaushwa iliyojengwa kwa ajili ya VVU. Uganda ilitumia njia hiyohiyo kupima sampuli 97,631 na kuchapisha mwaka 2016 picha ya nchi nzima: wabebaji asilimia 13.3, wagonjwa asilimia 0.7. Mtoto akigunduliwa wiki sita, kuna cha kumfanyia. Tangu mwaka 1986 inajulikana kwamba penisilini ya kunywa kila siku inapunguza kwa kiwango kikubwa maambukizi hatari ya bakteria kwa watoto hawa. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda na kuchapishwa 2019 ulionyesha kwamba dawa ya haidroksiyurea ni salama kwa watoto wa mazingira yetu na inapunguza maumivu, malaria, mahitaji ya kuongezewa damu na vifo. Ushauri hapa unaanza na uhai: homa ni dharura, chandarua kila usiku, mama afundishwe kupapasa bandama kwa vidole vyake. Mazungumzo ya mimba ijayo yanakuja ziara ya pili au ya tatu, machozi yakishakauka kidogo.

Nani atashauri? Afrika Kusini ina shahada za uzamili za fani hii Witwatersrand na Cape Town, na ningependa siku moja vyuo vyetu viwe nazo. Lakini mtoto wa Sengerema hawezi kusubiri shahada. Tunao wauguzi na washauri nasaha waliolelewa na vita dhidi ya UKIMWI, watu wa vituo vya ushauri na upimaji vya Angaza na wa kliniki za tiba na matunzo. Wanajua kukaa kimya mtu akilia, wanajua kutunza siri, wanajua kutotoa amri. Wanachohitaji ni mafunzo ya urithi, chati ya ukoo ya vizazi vitatu wanayoweza kuichora kwa kalamu, chumba chenye mlango na nusu saa kwa kila familia. Nusu saa hiyo ndiyo ngumu kupatikana, kwa sababu haionekani kwenye orodha ya vifaa vinavyonunuliwa wala haikatiwi utepe na mgeni rasmi.

Watakutana pia na mteja ambaye miaka 30 iliyopita alikuwa adimu: mtu mzima mwenye SS anayetaka kuoa au kuolewa. Akioana na AA, watoto wote watakuwa wabebaji wenye afya. Akioana na AS, kila mimba ina nafasi sawa ya kuleta mgonjwa au mbebaji. Kama ni mwanamke, ujauzito wenyewe unahitaji hospitali yenye damu na mtaalamu. Anastahili kuelezwa haya kama mtu mwenye maisha mbele yake, si kuombwa asizae.

Na kuna kundi ambalo karibu kila mpango wa kupima watoto hulisahau. Katika zile sampuli 17,200, wagonjwa walikuwa 210. Wabebaji walikuwa 3,492. Kwa kila mtoto tutakayemtafuta kwa ajili ya matibabu, tutakuwa tumegundua wengine zaidi ya 16 walio wazima, na katika kila nyumba ya hao angalau mzazi mmoja anabeba kinasaba asichokijua. Kumwacha mama huyu aende bila kuambiwa ni kupoteza nafasi ya kumwita baba kabla ya mimba ya pili. Kumwambia haraka-haraka ni kumpeleka kwa mganga na mtoto mwenye afya. Ningependa muuguzi amwambie mambo matatu tu siku ya chanjo: mtoto wako ni mzima na hatahitaji dawa kwa jambo hili, wewe au mwenzio, au nyote wawili, mna kinasaba hiki na tunaweza kuwapima mkipenda, na jibu hili tumeliandika kwenye kadi yake, itunze, umsomee mwenyewe atakapomaliza shule ya msingi na kuanza kuelewa.